Bei Njoo Inboksi

Chini ya picha ya gauni, ya friji, ya kapeti la sebuleni, maneno ni yaleyale: bei njoo inboksi. Kila mwenye simu janja Dar es Salaam ameyasoma, na wengi wa rika langu wanayachukia. Wanasema mwenye bei ya haki haifichi. Ukiona imefichwa, ujue inasubiri kukuona wewe kwanza. Muuzaji atafungua ukurasa wako, atatazama picha ulizopiga ufukweni na zile za harusi ya binamu yako, kisha ndipo bei itazaliwa.

Lalamiko hilo lina ukweli, na sitalikana. Ila limebeba dai kubwa kuliko linavyoonekana. Linadai kwamba kila mnunuzi anastahili bei ileile anayopewa mwenzake, tena imeandikwa mahali pa wazi kabla hajafungua mdomo. Ni nani aliyesema hivyo? Je, mwenye duka anadaiwa na wateja wake wote bei moja, au haya ni mazoea tuliyoyapata supamaketi na kwenye programu za simu, tukayaita haki?

Swali hili linanihusu kwa sababu ya kazi. Nasoma shahada ya uzamili Mlimani, na sehemu ya ada nailipa kwa kutengeneza tovuti za maduka madogo. Wateja wangu wengi wako Kariakoo. Hawahitaji tovuti ya kifahari. Wanataka mtu aliye Mbeya, Lubumbashi au Moroni aone mzigo bila kupanda basi wala meli, apate namba ya kupiga, na aamini kwamba duka lipo kweli na liko mtaa unaojulikana. Kazi yenyewe ni ya siku chache: jina la tovuti linaloishia na .co.tz, picha, ramani, kiungo cha WhatsApp, Lipa Namba. Kinachokula siku nyingi ni kisanduku kimoja kidogo kilichoandikwa "bei".

Programu za kutengenezea maduka ya mtandaoni zina msimamo wake juu ya kisanduku hicho. Chukua WooCommerce, inayotumiwa na maduka mengi duniani. Bidhaa usiyoiwekea bei itaonekana, lakini kitufe cha kununua hakitatokea. Programu haijui maana ya "tutaelewana". WhatsApp ni pole zaidi. Katalogi yake inakuruhusu kuweka bidhaa bila bei, na sishangai kwamba Kariakoo imeipenda. Waliobuni maduka ya mtandaoni walichukulia kwamba bei ni sifa ya kitu, kama rangi yake na urefu wake. Kwenye fremu za Kariakoo bei hutegemea nani ananunua, ananunua ngapi, lini, na kama analipa taslimu au kwa ahadi.

Mwaka jana nilifanya kazi na mama mmoja anayeuza khanga na vitenge kwa jumla na rejareja. Fremu yake ni nyembamba. Wateja watatu wakiingia, wa nne anasubiri barazani. Tulipofika kwenye kisanduku cha bei, akanisogezea kompyuta.

"Hapo usiweke kitu, mwanangu."

"Mama, usipoweka mtu hataweza kununua."

"Atanunua. Atanipigia."

Nikamwuliza anaogopa nini. Hakukasirika. Akanihesabia kwa vidole.

Kidole cha kwanza kilikuwa cha wateja wake wa mikoani. Kuna dada wa Mbeya anayechukua korija tano kila mwezi, analipia nauli ya mzigo kwenye basi, analipa kodi ya duka, halafu anauza doti mojamoja. Bei ya jumla ikiandikwa mtandaoni, kila mteja wa huyo dada ataisoma kwenye simu na kumwuliza kwa nini anauza ghali. "Nitakuwa nimemvua nguo mbele za watu," mama alisema.

Kidole cha pili kilikuwa cha dola. Mzigo wake unaagizwa kwa dola. Katika miaka ya 2023 na 2024, dola zilipokuwa adimu na shilingi ikizidi kushuka, bei aliyoitaja asubuhi iliweza kumtia hasara jioni. "Nikishaandika, nimeahidi. Ahadi nisiyoiweza siiandiki."

Kidole cha tatu kilikuwa cha majirani. Maduka mawili kushoto na matatu kulia yanauza khanga zilezile, pengine kutoka kontena moja. Bei ikiwa wazi, jirani atashusha mia tatu kesho yake, mwingine atashusha mia tano keshokutwa, na mwisho wa mwezi hakuna atakayeweza kulipa kodi ya fremu.

Sababu ya nne hakuihesabu. Aliisema baadaye, akinimiminia chai, kama mtu anayeongea na kikombe. "Halafu kuna watu, ukiwaona tu unajua wanaweza."

Sababu tatu za kwanza ni za mfanyabiashara anayewajali watu wake na kulinda neno lake. Ya nne ndiyo anayoinusa kila anayelalamikia inboksi. Zote nne zimejificha nyuma ya kisanduku kilekile kisicho na kitu, na anayesoma tovuti hawezi kujua ni ipi inayomhusu yeye.

Tuanze na upande wa wanaodai bei moja, maana dai lao lina heshima yake kwenye historia. Katika Uingereza ya karne ya 17, Wakristo wa dhehebu la Quaker, wale wanaojulikana magharibi mwa Kenya kama Marafiki, walikataa kupatana bei. Hoja yao haikuwa na mzunguko: ukitaja elfu ishirini huku moyoni uko tayari kupokea elfu kumi na mbili, umesema uongo. Taja unachokitaka, basi. George Fox, mwanzilishi wao, alieleza kwamba baada ya muda watu waliona wanaweza kumtuma hata mtoto kwenye duka la Quaker, naye akahudumiwa sawa na mtu mzima.

Karne mbili baadaye wazo hilo lilipata majengo makubwa. Aristide Boucicaut aliingia kwenye duka la Bon Marché jijini Paris mwaka 1852 na kuligeuza duka la bei zilizoandikwa. Kule Philadelphia, Marekani, John Wanamaker alifanya vivyo hivyo. Kwao maadili yalikutana na hesabu. Duka lenye mamia ya wauzaji wa kuajiriwa haliwezi kumwachia kila kijana wa kaunta apatane anavyojua. Tajiri atafilisika bila kujua nani kamfilisi. Kwa hiyo kibandiko cha bei kilimlinda mteja dhidi ya muuzaji, kikamlinda pia tajiri dhidi ya mwajiriwa wake.

Hata hivyo kipimo cha mtoto kinabaki kizuri. Duka la Mangi mtaani kwetu linafaulu. Mtoto wa darasa la pili anatumwa sukari na noti ya elfu mbili, anarudi na sukari na chenji yake. Kariakoo hakuna anayemtuma mtoto akanunue kitenge. Soko ambalo mtoto hawezi kutumwa ni soko linalomdai kila mnunuzi awe mjanja kabla hajawa mnunuzi, na si haki kumdai hivyo kila mtu, kila siku, hata mgonjwa, hata mgeni.

Lakini sisi Watanzania tuna kumbukumbu nyingine ya bei iliyoandikwa. Mwaka 1973 ilitungwa sheria ya kudhibiti bei, na Tume ya Bei ya Taifa ikaundwa. Bei zikapangwa ofisini, zikatangazwa, na zikawa moja kwa wote. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, bidhaa zilipoadimika, sabuni na sukari zikawa na bei mbili: ya serikali, iliyoandikwa, na ya kuruka, iliyonong'onwa. Bei ya kuruka ndiyo iliyokuwa na sabuni. Mwaka 1983 serikali, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, iliendesha msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Bajeti ya mwaka 1984 ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na mzigo ukaanza kuonekana tena madukani. Mama mwenye khanga alikuwa msichana miaka ile. Anakumbuka foleni ya sabuni, na anakumbuka bei ilikuwa imeandikwa vizuri kabisa kwenye ubao wa duka lisilo na kitu.

Nalitaja hili kwa sababu kuna watu wanaodhani bei ikishaandikwa, haki imeshatendeka. Bei inaweza kuwa moja, ikawa wazi, na bado isimsaidie mtu yeyote.

Basi tugeukie upande wa pili, wa wanaotetea kupatana. Hoja yao nzuri kuliko zote ni kwamba kupatana kunampa maskini nafuu. Mwenye nacho analipa elfu kumi na tano, asiye nacho analia shida anauziwa kwa elfu kumi, na duka linaendelea. Ni kama michango ya harusi: wote tunakula wali uleule, ila kila mtu anachangia alivyojaliwa.

Ingekuwa hivyo kweli, ningefunga hoja hapa. Ila jaribu kukaa barazani mwa duka la khanga kutwa nzima, utazame nani hulipa zaidi. Tajiri wa kweli hulipa kidogo, kwa sababu anajua bei au ana mtu anayejua wa kumtuma, na ananunua nyingi. Anayelipa zaidi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeshuka juzi Mbezi kwenye stendi ya Magufuli. Ni mjumbe wa kamati ya harusi aliyekumbushwa sare Alhamisi wakati sherehe ni Jumamosi. Ni mfiwa anayetafuta sanda na hana moyo wa kupatana. Kupatana hakuwaoni maskini na matajiri. Kunahamisha fedha kutoka kwa asiyejua kwenda kwa anayejua, na kutoka kwa mwenye haraka kwenda kwa mwenye subira. Mara nyingi asiyejua na maskini ni mtu mmoja.

Watu wa zamani waliofikiria haki ya sokoni walikiona kidonda hiki. Katika Hadithi za Mtume Muhammad kuna katazo la kuuendea msafara njiani kabla haujafika sokoni, ili kununua bidhaa za wageni wasiojua bei ya mji. Tazama kinachokatazwa. Biashara si haramu, faida si haramu; kilichozuiwa ni kuitumia saa ile ambayo mwenzako hajajua. Naye Cicero, mwandishi wa Roma, aliuliza swali la jamaa yake katika kitabu cha maadili alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo. Mfanyabiashara ametoka Alexandria na shehena ya nafaka, anafika Rhodes wakati wa njaa. Anajua kwamba meli nyingine zenye nafaka ziko njiani. Watu wa Rhodes hawajui. Je, awaambie, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Cicero anawakutanisha wanafalsafa wawili wanaobishana, mmoja akisema kunyamaza si kudanganya. Mwenyewe anahukumu kwamba mfanyabiashara anapaswa kusema, kwa kuwa kunyamaza ili ufaidike na kutojua kwa mtu anayehitaji kujua ndiko kuficha.

Kariakoo msafara hupokewa na winga. Kwa msomaji asiyemfahamu: winga hana duka wala mzigo. Ana miguu, macho na kumbukumbu ya maduka mia moja. Anakusogelea unaposhuka mwendokasi Msimbazi, anakuita dada au bosi, anakuuliza unatafuta nini, anakuongoza. Muuzaji akimwona winga nyuma ya bega lako, anaelewa. Bei itakayotajwa imeshabeba cha juu, yaani fungu la winga, nawe hutaambiwa. Siku hizi winga yupo pia mtandaoni. Anapiga picha mzigo wa duka la mtu, anauweka kwenye ukurasa wake na kuandika maneno tunayoyajua. Ukilipia, ndipo anakwenda kuununua.

Hapa ndipo inboksi inapotofautiana na kaunta, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko tunavyodhani. Kaunta ya Kariakoo, pamoja na ujanja wake wote, ni mahali pa watu wengi. Unasimama na wenzako wawili, unasikia. "Huyu si umempa kwa kumi na mbili?" ni sentensi inayosemwa Kariakoo kila saa, na inafanya kazi. Asiyejua anajifunza kwa kusikiliza. Anaweza kuondoka na kurudi, akauliza duka la tatu, akaongozana na shangazi anayejua. Wote waliosimama pale wanajua kwamba wako kwenye mapatano. Inboksi inamtoa mnunuzi kwenye kundi na kumweka chumba cha peke yake. Wateja hamsini wanaulizia gauni moja, na hakuna anayesikia mwenzake kaambiwa nini.

Tusidhani kwamba huu ni ushamba wa Kariakoo utakaoondolewa na teknolojia. Mwezi Septemba 2000, wateja wa Amazon walipolinganisha bei za DVD waligundua kwamba filamu ileile ilikuwa ikiuzwa kwa bei tofauti kwa watu tofauti. Kampuni ilisema lilikuwa jaribio, na ikawarudishia fedha waliolipa zaidi. Leo programu ya kuita usafiri inakupa bei ya safari ileile inayobadilika kwa saa na kwa wingi wa wanaoita, nawe huna wa kumwambia "punguza kidogo". Kizazi cha Boucicaut kilituondolea mapatano. Programu zinayarejesha, ila upande mmoja tu ndio unaopatana. Winga angalau unaiona sura yake.

Kwa hiyo nadhani swali la "bei moja au bei nyingi" limekaa vibaya. Bei nyingi zinaweza kuwa za haki na bei moja inaweza kuwa ya dhuluma. Swali linalofaa ni kama sababu ya tofauti inaweza kusemwa. Immanuel Kant, katika kijitabu chake cha mwaka 1795 juu ya amani ya kudumu, alipendekeza kipimo kwa mambo ya utawala: tendo linalogusa haki za wengine, ambalo kanuni yake haiwezi kutangazwa hadharani, si tendo la haki. Alikuwa akizifikiria dola na mikataba yao. Nakishusha kipimo chake hadi barazani. Wachukue wateja wawili waliolipa bei mbili kwa doti ileile, wakutanishe mlangoni, halafu mwambie muuzaji aeleze tofauti mbele yao wote wawili.

"Huyu kachukua korija, wewe doti moja." Hakuna atakayenuna. "Huyu kalipa taslimu, wewe utalipa mwisho wa mwezi." Sawa. "Soko lilipoungua Julai 2021 na biashara ya mtaa mzima ikayumba, huyu hakuacha kuja kununua kwangu." Atakayesikia hilo pengine ataanza kuja mara nyingi zaidi. "Huyu kafiwa." Mteja wa pili anaweza hata kutoa kitu mfukoni amwongezee. Sasa jaribu hii: "Yeye alijua bei, wewe hukujua." Au hii: "Ukurasa wako una picha za Zanzibar." Maneno hayo hayatoki mdomoni mbele ya anayehusika, na kutotoka kwake ndiko kunakotuambia ni ya namna gani.

"Wanaweza" ya yule mama iko katikati, na niliitafakari kuliko zote. Katika michango ya harusi tunakubali kwamba mwenye uwezo atoe zaidi, lakini daftari la michango liko wazi na fedha inakwenda kwenye sherehe ya wote. Mama angeweza kumwambia mwenye uwezo, "Wewe nakuuzia kumi na tano ili yule mwenye watoto wanne nimuuzie kumi," na naamini wapo ambao wangekubali. Asipoweza kuonyesha kwamba nafuu ya yule inatoka kwenye nyongeza ya huyu, basi "wanaweza" inamaanisha kwamba yeye ndiye aliyeweza.

Nilimweleza mama kipimo hiki, bila Kant. Akacheka. "Mlangoni hapo hapo? Wote wawili?" Akafikiri kidogo, halafu tukaanza kupanga. Bei ya rejareja ikaandikwa, na chini yake tarehe: bei hii ni ya wiki hii. Hofu ya dola ikapata jibu lake, kwa kuwa ahadi yenye mwisho ni ahadi inayotimizika. Bei ya jumla haikuandikwa, kwa heshima ya dada wa Mbeya, ila sababu yake iliandikwa: kuanzia korija moja, bei inategemea idadi na namna ya kulipa, piga simu. Mteja wa Mbeya akiisoma ataelewa kwamba kuna bei ya chini kuliko anayolipa yeye, na ataelewa ni kwa nini. Hajafichwa kwamba kuna kilichofichwa. Kwenye bidhaa za jumla nilitoa kitufe cha kununua na kuweka kiungo cha WhatsApp, na programu haikulalamika.

Jirani wa kulia alishusha mia tatu, kama ilivyotabiriwa. Mama hakumfuata. Anasema wapo wateja wanaopita mia tatu ile na kuja kwake kwa sababu bei ya kwenye simu na ya dukani ni ileile, hawana haja ya kuja na shangazi. Kama wanatosha kufidia waliohama, hajaniambia.

Aliyeumia ni mwingine. Kuna kijana winga aliyekuwa akimletea mama wateja. Ana stashahada ya ugavi, ana miaka kama yangu, na hana kilemba cha kuingilia kwenye fremu hata ya nusu mlango. Zamani alikuwa akiongeza elfu tatu kwa doti. Sasa anafika na mteja, mteja anafungua simu, anamwonyesha bei. "Dada wa tovuti," aliniambia siku moja, kwa utani usio na utani, "umenikatia riziki."

Sikumchukulia kama tapeli. Kazi anayoifanya ni kazi. Anajua duka gani lina rangi ya damu ya mzee kwa wingi wa kutosha kamati ya watu themanini. Anabeba, anatafuta kirikuu, anampigia simu mtu wa basi. Anamwokolea mtu wa Morogoro siku nzima. Kilichokuwa na kasoro ni mahali malipo yake yalipokaa: ndani ya bei ya kitu cha mtu mwingine, pasipoonekana. Nikamwambia aandike. Akaandika kwenye stetasi yake ya WhatsApp kwamba ananunulia watu mzigo Kariakoo kwa bei ya dukani, ada yake elfu tano kwa mzunguko mmoja, risiti ya duka inaambatana na mzigo.

Majibu yalikuja haraka. Elfu tano ya kutembea tu? Miguu yako ni ya dhahabu? Si upo hapohapo? Baadhi ya waliouliza hivyo ni watu waliowahi kununua kwake doti tano kwa siku moja, wakamlipa cha juu cha elfu kumi na tano, wakamshukuru kwa kuwapatia bei nzuri.

Hili ndilo lililobaki bila jibu kwangu, na nadhani ni swali letu sisi wanunuzi zaidi ya wauzaji. Tunadai uwazi, na mtu akiwa wazi tunamwadhibu. Tunapenda neno "usafiri bure" ilhali tunajua petroli hainunuliwi kwa maneno. Ada inayoonekana tunaibishia. Ile iliyozikwa ndani ya bei tunailipa kwa tabasamu. Mfanyabiashara mwenye akili anajifunza kutoka kwetu. Akiona kwamba mkweli anapoteza wateja na anayezika faida yake anasifiwa, ataandika bei njoo inboksi, nasi tutamwita mwongo.

Ikiwa muuzaji anadaiwa sababu inayoweza kusemwa mlangoni, mnunuzi naye anadaiwa kusimama pale mlangoni na kuisikiliza. Anaweza kupatana, ndiyo. Anaweza kusema elfu tano ni nyingi, tupatane elfu nne, maana hapo wote wawili wanajua wanazungumzia nini. Asichoweza kufanya, akibaki mtu wa haki, ni kumdai mwenzake aweke daftari wazi huku mwenyewe akimkimbilia yule aliyelifunga. Yule kijana bado ameacha tangazo lake la elfu tano, ila amepunguza kulitegemea. Wiki iliyopita aliniambia kwamba wateja watatu kwa mwezi wanalipa ada bila maneno. Wengine bado anawaongezea cha juu, kwa sababu ndivyo wanavyopenda.